Kuacha uhandisi uingie siasa: tazama njia ya Nitish Kumar

Ndugu, umeuliza kama mhandisi wa umeme aache ajira na kuingia kwenye siasa, kwa kuwa Nitish Kumar wa jimbo la Bihar, India, alifanya hivyo akafika hadi uwaziri mkuu wa jimbo hilo. Inawezekana, ila naona umesoma mwisho wa habari ukaruka mwanzo wake.

Nitish alihitimu mjini Patna mwaka 1972, akafanya kazi kwa muda mfupi katika bodi ya umeme ya jimbo, kisha akajitosa katika vuguvugu la kupinga ufisadi lililoongozwa na Jayaprakash Narayan. Aligombea kiti cha Harnaut mwaka 1977 akashindwa, akarudi mwaka 1980 akashindwa tena, na ni mwaka 1985 ndipo alipoingia bunge la jimbo. Jiulize, basi, nani atalipa karo na kodi ya nyumba yako kwa miaka minane kama hiyo. Hata uwaziri mkuu wa jimbo alioupata Machi 2000 ulidumu siku saba tu, kabla hajaurudia mwaka 2005.

Cha kuiga ni mpango wake wa mwaka 2006 uliowapa wasichana wa darasa la tisa rupia 2,000 za kununulia baiskeli, kwani aliona kuwa kikwazo ni umbali wa shule. Kuhamahama kwake kati ya miungano ya vyama usikuige.

Kwa sasa bakia kazini, hudhuria vikao vya tawi, na ujipime kama unaweza kumsikiliza kwa saa nzima mtu anayelalamikia mtaro ulioziba, bila kutazama simu.