Aliyewauza wenzake ili watu wasife: ni msaliti?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Niko Uingereza kimasomo, nakaa chumba kimoja na kijana wa Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini. Juzi tulitazama filamu ya mwaka 2008 iliyotokana na maisha ya Martin McGartland, Mkatoliki wa Belfast aliyejipenyeza ndani ya IRA (kundi lenye silaha, wengi wao Wakatoliki, lililopigana ili Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza) huku akilipwa na polisi, akawa anatoboa siri za mabomu na za watu waliopangiwa kuuawa. Inasemwa aliokoa roho zipatazo hamsini. Mwenzangu akasema kwao mtu huyo hana jina ila msaliti. Nilinyamaza, maana na sisi tumefundishwa kwamba ujasusi ni haramu. Dini inamwonaje? Na zile pesa?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Hukumu ya kutazama filamu hukuiuliza, nami naipita kimya kimya.

Mtu mwenyewe si Mwislamu na hesabu yake iko kwa Mola wake. Tuzungumzie kitendo. Aya iliyokunyamazisha ni ya 12 katika Suratul Hujurat: "Jiepusheni na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, wala msipelelezane." Isome yote. Kabla ya kupeleleza imetajwa dhana, na baada yake kusengenya. Anayekemewa ni yule anayechungulia aibu ambazo Mwenyezi Mungu amezisitiri: nani kalala wapi, nani kanywa nini. Bomu lililofungwa chini ya gari la mtu halimo katika aibu za kusitiriwa.

Abu Dawud amepokea hadithi kutoka kwa Jabir kwamba vikao ni amana, isipokuwa vitatu: cha kumwaga damu iliyoharamishwa, cha zinaa, na cha kuchukua mali bila haki. Isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, ina udhaifu, na nisingeitegemea peke yake. Lakini fungua Suratul Qasas, aya ya 20. Mtu anakuja mbio kutoka mwisho wa mji: "Ewe Musa, wakubwa wanashauriana wakuue, basi ondoka." Wapo wafasiri wanaosema alikuwa wa ukoo wa Firauni mwenyewe. Katoa siri ya baraza la watu wake, na Qur'ani imemnukuu akijiita mtoa nasaha, bila neno la kumlaumu. Na Mtume (s.a.w.) aliposema msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au mdhulumiwa, akaulizwa dhalimu anasaidiwaje, alijibu: kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo aliyezuia bomu lisilipuke kamsaidia hata aliyelitega.

Hapo usikimbilie kumwambia mwenzako kwamba umemshinda. Hasira ya watu wa Belfast ina mizizi. Vita vile vya Ireland Kaskazini vilidumu takriban miaka thelathini, hadi mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998, na viliua watu wapatao 3,500. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwaweka watu kizuizini bila kesi, wengi mno wakiwa Wakatoliki. Katika mitaa ya namna hiyo, jina moja likinong'onwa kituoni lingeweza kumfunga mtu asiye na kosa. Aliyepeleka jina hilo akalipwa, hiyo ni khiyana na dhulma, hata kama jana yake aliokoa roho. Kila habari aliyoipeleka ina hesabu yake.

Na waliokuwa wakiwatuma majasusi nao wana yao. Jasusi mmoja wa jeshi la Uingereza, aliyejulikana kwa jina la siri Stakeknife, alikuwa ndani ya kitengo cha IRA kilichohoji na kuua watuhumiwa wa usaliti. Uchunguzi ulioitwa Operesheni Kenova ulieleza mwezi Machi 2024 kwamba yaelekea roho zilizopotea kwa sababu yake ni nyingi kuliko zilizookolewa. Kuacha mtu auawe ili jasusi wako asigundulike, hilo sijui mlango wa kulihalalisha.

Upande wa pili, yaani IRA, nao ulihukumu kwa dhana, ile ile iliyotajwa mwanzo wa aya. Jean McConville, mama wa watoto kumi, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast mwezi Desemba 1972, akauawa na kuzikwa kwa siri. Mwili ulipatikana ufukweni mwaka 2003. Walisema alikuwa akiwapelekea Waingereza habari. Mwaka 2006 afisa anayesikiliza malalamiko dhidi ya polisi alisema hakupata ushahidi wowote wa hilo.

Ama pesa: ujira wa kazi inayojuzu unajuzu. Ninachokiogopea ni kwamba anayelipwa kwa habari, siku habari zikikauka, atazitunga. Aliyeokoa roho na akapokea posho hatuwezi kumwambia kala haramu. Kama asingeokoa bila posho, hilo ni la nia yake, na nia haionekani kwenye filamu.

Kilichobaki ni nyumba ya McGartland. Filamu inamwonyesha na mama wa mtoto wake, asiyejua riziki inatoka wapi. Amana ya kikao cha wauaji haipo, lakini ya mke na mtoto ipo, na yeye aliwaingiza hatarini bila kuwauliza. Hapa namwona ana deni.

Mwenzako usimjibu kwa aya. Mwulize kwanza kama kwao kuna aliyekufa, na kwa mkono wa nani.

Wallahu a'lam.