Barakoa za Ufukweni

SWALI: Mhariri, tangu mwaka 2020 nimekuwa nikiokota barakoa za buluu kila ninapotembea ufukweni. Je, si karatasi zinazooza zenyewe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, la hasha. Ukiichana barakoa ya hospitali utaona tabaka tatu laini kama kitambaa, ilhali kwa kawaida zote ni nyuzi za polipropilini, plastiki ileile ya magunia ya sukari, ambayo juani na majini haiozi bali humeguka vipande vidogo mno. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba takriban tani 87,000 za vifaa vya kujikinga zilinunuliwa kupitia Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021. Kenya ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini katazo hilo halikugusa barakoa. Kwa mtu mwenye afya njema, ya kitambaa inayofuliwa kwa sabuni ilifaa pahali pengi. Ya kutupwa ikatwe kamba zake, maana hunasa miguu ya ndege, kisha itiwe kwenye pipa lenye mfuniko. Kuichoma uani, kama wengi wetu tulivyozoea, hutoa moshi wenye sumu.