Mteja anataka nafasi ya kwanza Google kabla ya mwezi kwisha

SWALI: Ndugu Mshauri, natumaini u mzima wa afya. Mimi ni kijana ninayejitegemea jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za biashara ndogo na kuzisaidia zionekane pale watu wanapotafuta huduma Google. Hivi karibuni nilizungumza na daktari mwenye kliniki ya meno maeneo ya Mwenge. Kazi ameikubali na bei ameikubali, ila ameweka sharti: mtu yeyote atakayeandika "daktari wa meno Dar es Salaam" aione kliniki yake ikiwa ya kwanza, tena ndani ya siku 30, la sivyo hanilipi nusu ya pili ya fedha. Anasema kuna kampuni imekwisha kumwahidi hivyo. Nikikataa, kazi itakwenda kwa wengine. Nikikubali, sijui nitatimizaje. Nimweleze vipi mtu mzima kama huyu bila kuonekana kwamba kazi siijui? — *Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Sharti hilo usilikubali, lakini usilikatae kwa neno moja kisha ukanyamaza, kwa sababu daktari hajakosea kutaka kujua fedha yake inanunua nini. Kilichoharibika ni kipimo alichopewa. Google wenyewe, katika mwongozo wao kwa wenye tovuti, wameandika kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Na katika maelezo yao kuhusu wasifu wa biashara, yaani ule ukurasa wa Google unaoonyesha jina la biashara, mahali ilipo, saa za kazi na simu yake, wanasema hakuna namna ya kuomba wala kulipia ili biashara ipandishwe katika matokeo ya eneo, yale yanayoonyesha biashara zilizo karibu. Maandishi hayo mwonyeshe, ila yasiwe hoja yako ya kwanza. Mtu aliyekwisha kuahidiwa na mwingine akisomewa mwongozo huona anakwepwa.

Anza na simu yake. Mwombe atafute "daktari wa meno" mbele yako, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kila siku. Kisha mtumie ujumbe ndugu au rafiki aliyeko Mbagala, na mwingine aliyeko Tegeta, watafute maneno hayo hayo na wawarushie picha za skrini kwa WhatsApp. Ziwekeni picha tatu pamoja mezani. Kwa kawaida mtaona orodha tatu zisizofanana, na hasa lile fungu la ramani lenye biashara tatu ambalo hutokea juu litakuwa na majina tofauti. Hapo daktari atakuwa amejionea mwenyewe kwamba nafasi ya kwanza anayoidai si moja: kila mtaa una ya kwake.

Sababu yake inaelezeka kwa lugha nyepesi. Google wanasema matokeo ya eneo hupangwa hasa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyohusiana na kilichotafutwa, umbali kati ya biashara na mtafutaji au mahali alipopataja, na jinsi biashara inavyojulikana, kwa mfano kupitia maoni ya wateja na tovuti nyingine zinazoitaja. La kwanza mnaweza kulifanyia kazi kuanzia leo. La tatu hujengwa polepole. La pili halipo mikononi mwenu kabisa, kwa kuwa kliniki iko Mwenge na mtu wa Mbagala mwenye jino linalomsumbua usiku ataonyeshwa kwanza walio karibu naye. Na kwa kweli, hata angeonyeshwa kliniki ya Mwenge, sidhani kama angepanda daladala mbili kuifuata ilhali kuna nyingine mtaani kwake.

Mwambie pia kwamba simu yake mwenyewe si shahidi mzuri. Iko ndani ya kliniki, na huenda imekwisha kuifungua tovuti hiyo mara nyingi. Wenye biashara wengi hujipima wakiwa ndani ya biashara zao, na hakuna kipimo chenye kuliwaza kama hicho.

Likishaeleweka hilo, ulizeni kama maneno aliyoyachagua ndiyo wanayoandika wagonjwa. Mwenye biashara hupenda maneno mapana yenye jina la jiji zima. Mgonjwa huandika shida yake: "kung'oa jino Mwenge", "bei ya kuziba jino", "daktari wa meno karibu nami", au maneno hayo kwa Kiingereza. Kliniki yenye ukurasa unaoeleza kwa Kiswahili kizuri jinsi jino linavyozibwa, muda unaotumika na bima zinazopokelewa ina matumaini ya kweli katika maneno kama hayo, kwa sababu kliniki nyingi hazijayaandikia chochote.

Sasa suala la siku 30. Katika maelezo waliyoyatoa mwaka 2017 kwa watu wanaotaka kuajiri wataalamu wa kazi yako, Google walisema kwamba mara nyingi huchukua kati ya miezi minne na mwaka mzima tangu marekebisho yaanze hadi faida ianze kuonekana. Usimtajie daktari muda huo kana kwamba ni foleni moja ndefu, maana kazi hii ina sehemu zenye mwendo tofauti. Wasifu wa biashara ukihakikiwa, saa za kazi zikasahihishwa na aina ya biashara ikachaguliwa vizuri, mabadiliko yanaweza kuonekana ndani ya siku au wiki chache. Kurasa mpya za tovuti husubiri kutembelewa na mitambo ya Google, kuhifadhiwa, kisha kulinganishwa na kurasa za wengine, ambao nao hawajalala. Maoni ya wateja huja mmoja mmoja, kadiri wagonjwa wanavyotibiwa na kuombwa kwa heshima waandike.

Katika wasifu huo ndimo mwezi wako wa kwanza utakapoishia, na kwa hapa kwetu una vikwazo vyake. Google hawapokei sanduku la posta kuwa anwani ya biashara, ilhali karatasi nyingi za wenye kliniki hazina kitu kingine zaidi ya S.L.P.; tumieni jina la barabara na namba ya jengo iliyobandikwa katika zoezi la anwani za makazi, kisha mhakikishe alama kwenye ramani imesimama mlangoni na si upande wa pili wa barabara. Mara nyingi uhakiki hufanywa kwa video: utatakiwa kuonyesha mtaa, kibao cha jina, na ushahidi kwamba aliyeshika simu ana mamlaka pale ndani, kama vile kufungua mlango wa chumba cha matibabu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao. Akikuomba uongeze "bora, bei nafuu, Dar es Salaam" mwishoni mwa jina, mweleze kwamba ni kinyume cha kanuni na kwamba wasifu unaweza kusimamishwa, na kuurudisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mwezi anaoung'ang'ania.

Basi umwahidi nini? Mwahidi kazi na vipimo. Ningekuwa wewe ningeweka katika mkataba aya kama hii:

"Nitahakiki na kukamilisha wasifu wa kliniki, nitaandika kurasa za huduma tulizokubaliana, na kila mwisho wa mwezi nitaleta taarifa ya simu zilizopigwa kupitia wasifu, maombi ya maelekezo ya njia na maneno yaliyotumiwa na watafutaji. Sitoi ahadi ya nafasi yoyote katika matokeo, kwa kuwa hupangwa na Google na hubadilika kulingana na mahali alipo mtafutaji. Baada ya miezi sita tutalinganisha takwimu hizo na za kabla ya kazi kuanza, na kila upande utakuwa huru kuendelea au kuacha."

Aya hiyo haina maana kama hukuandika takwimu za mwanzo. Kabla hujagusa chochote, rekodi kilichopo, hata kama ni sifuri, na umtumie daktari nakala siku hiyo hiyo. Fahamu pia kwamba simu zinazohesabiwa katika wasifu ni mibofyo ya kitufe cha kupiga, si mazungumzo yaliyofanyika, na aliyenakili namba akaandika WhatsApp hahesabiwi humo. Kwa hiyo dada wa mapokezi awe na daftari, na kila mgonjwa mpya aulizwe amefikaje. Mistari ya daftari hilo itamshawishi daktari kuliko mchoro wowote, maana majina yaliyomo atayatambua.

Malipo nayo yafuate hatua za kazi: wasifu umehakikiwa, kurasa zimewekwa kwenye tovuti, taarifa zimeletwa. Kwa lugha anayoielewa yeye, mkumbushe kwamba hata yeye hamwandikii mgonjwa hati kuwa jino halitauma tena maisha. Humwahidi kulisafisha, kuliziba na kulikagua.

Kuhusu ile kampuni, usiiseme vibaya. Mpe daktari maswali ya kuwauliza: nafasi ya kwanza kwa maneno gani, kwa mtafutaji aliyeko wapi, itapimwa na nani, na je, ni matokeo ya kawaida au matangazo ya kulipia? Ni rahisi sana kuwa wa kwanza kwa jina la kliniki yenyewe, au kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, au kwa tangazo linalotoweka siku bajeti inapokwisha. Baada ya maswali hayo, akiendelea kudai siku 30, iache kazi hiyo iende. Nusu ya fedha utakayodhulumiwa mwezi ujao utakuwa umekwisha kuilipia kwa bando, umeme na usiku wako.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ya wageni Jambiani, Unguja. Kijana anayenishughulikia tovuti aliniahidi kwamba tutapanda katika "hoteli Zanzibar". Mwezi wa Januari alinionyesha michoro inayopanda, lakini Aprili kila kitu kilishuka, na kwa maneno hayo hatuonekani popote. Je, ananila fedha? — *Mama wa Jambiani*

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mambo mawili yamechanganyika hapa, na katika moja kijana ana haki, katika jingine hana.

Kushuka kwa Aprili usimlaumu. Huo ni mwezi wa masika, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, na wageni wanaotafuta malazi ni wachache, kwa hiyo hata tovuti isiyopoteza nafasi hata moja itapata watembeleaji pungufu. Mchoro wa Januari nao ulipandishwa na msimu, wala si ufundi wake peke yake, na alipaswa kukwambia hivyo siku ile ile aliyokuonyesha. Mtake alinganishe Aprili na Aprili iliyopita, na Julai na Julai iliyopita. Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyotafutwa, huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo ulinganisho huo unawezekana ikiwa tovuti iliunganishwa mapema. Muulize pia ni idadi ya watafutaji iliyopungua, au ni nafasi ya tovuti yako. Hayo ni mambo tofauti, na takwimu zote mbili anazo.

Ahadi ya "hoteli Zanzibar" ndipo alipokosea. Aandikaye maneno hayo hukutana kwanza na matangazo, ramani na bei, halafu Booking.com, Tripadvisor na wenzao wenye mamia ya hoteli za kisiwa hiki katika ukurasa mmoja. Siku hizi wakati mwingine juu ya vyote hivyo kuna muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Nyumba yenye vyumba vichache haiwezi kuwang'oa hao, na mtu anayeijua kazi yake asingekuuzia tumaini hilo. Uwanja wenu ni mdogo zaidi na una faida zaidi: mtu aliyeko Ulaya ambaye amekwisha kuichagua pwani ya kusini mashariki na anatafuta nyumba ya wageni Jambiani, au malazi karibu na mchezo wa kuruka na tiara baharini wakati wa kusi na kaskazi. Mwambie akuandikie upya orodha ya maneno ya namna hiyo pamoja na idadi ya maombi ya vyumba yaliyokuja moja kwa moja kwenye tovuti yako bila kupitia kwa madalali wa mtandaoni, kwa sababu hayo ndiyo usiyoyalipia kamisheni. Akishindwa kukuletea orodha hiyo, tafuta mwingine. Akiileta, mpe msimu mmoja wa kusi kabla ya kumhukumu.

SWALI: Mteja wangu ana saluni Mombasa na anataka kumpunguzia bei kila atakayempa nyota tano, ili tupande haraka. Nimkubalie? — *Msomaji, Nyali*

JIBU: Hapana. Kanuni za Google zinakataza kutoa fedha, punguzo au zawadi ili upate maoni, na zinakataza pia kuwaomba waliofurahi peke yao huku waliochukia wakizuiwa. Maoni ya aina hiyo yakigunduliwa huweza kuondolewa kwa mkupuo, na hesabu itakayoshuka mteja atakudai wewe. Mtengenezee kadi ndogo yenye msimbo wa QR unaoelekeza kwenye ukurasa wa maoni, iwekwe mbele ya kioo, apewe kila anayesukwa bila kuchaguliwa. Anayeandika malalamiko ajibiwe kwa upole siku hiyo hiyo na mwenye saluni mwenyewe, si na wewe kwa jina lake.