Je, ni haramu kusomeshwa na Wazungu kwa sababu ya Vita vya Msalaba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu wa kiume amepata nafasi ya kusomeshwa uuguzi Ujerumani. Mjomba wake hataki hata kusikia. Anasema Wazungu wametupiga vita tangu enzi za Msalaba, kwa hiyo kupokea chao ni kuwasaliti Waislamu waliochinjwa Baitul Maqdis (Yerusalemu). Nyumba haikaliki. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu.

Mjomba hakuzua. Mwaka 1099 Wafaranji, yaani hao Wazungu wa Msalaba, walipouteka mji wa Baitul Maqdis waliwaua Waislamu, wake kwa waume, na Mayahudi pamoja nao. Hilo sitalipunguza ili nikuridhishe. Ninachokikataa ni ile "kwa hiyo" yake.

Msikilizeni Ibn Jubayr, Mwislamu wa Andalusia (Hispania ya Waislamu) aliyetoka Granada mwaka 1183 kwenda Hijja. Merikebu iliyomvusha mpaka Iskandaria ilikuwa ya Wakristo wa Genoa. Aliposhuka, kwenye bandari ya Sultani Salahuddin mwenyewe, Mwislamu aliyepigana na Wafaranji, mahujaji walipekuliwa mpaka viunoni, mizigo ikavurugwa, watu wakaapishwa. Aliumia sana, ila akamdhania Sultani heri kwamba hana habari. Mwaka uliofuata akafika Akka, mji wa pwani ya Palestina uliokuwa mikononi mwa Wafaranji. Mlangoni mwa nyumba ya wageni pana mabaraza ya mawe yaliyotandikwa mazulia, na juu yake wamekaa makarani wa forodha, Wakristo, wana vidau vya wino vya mpingo vilivyonakshiwa dhahabu. Wanaandika Kiarabu na kukisema. Akakaguliwa kwa adabu, bila ukali. (Waliowahi kutoa mzigo bandarini wananielewa.)

Wala msidhani aliwapenda. Akiutaja mji ule humwomba Mungu auangamize. Lakini aliandika alichokiona: Salahuddin ameizingira Karak, ngome ya Wafaranji, na wakati huohuo misafara inatoka Dameski kwenda Akka, wafanyabiashara wa dini zote mbili wanalipa ushuru na kupita, hakuna anayewagusa. Wenye vita wamo vitani, raia wamo katika shughuli zao. Wanazuoni wa Dameski walikuwepo na waliyaona hayo.

Salahuddin naye hakuwapima Wafaranji wote kwa kibaba kimoja. Reynald wa Châtillon, mkuu wa Kifaranji aliyevamia msafara wa Waislamu wakati wa sulhu, alikatwa kwa upanga wa Sultani mwenyewe baada ya vita vya Hittin, 1187. Guy, mfalme wa Wafaranji wa Baitul Maqdis, aliyetekwa siku ileile, alipewa maji ya baridi na akaachwa hai.

Sheria haiko mbali na hapo. Katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki deraa yake (vazi lake la chuma la vita) ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Na alipohama Makka alimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Alikuwa mshirikina, na Makureshi walikuwa wanamtafuta Mtume wamuue. Lakini njia aliijua, na ahadi aliitunza. Kama huyo alikabidhiwa roho ya Mtume, mwalimu wa kufunga kidonda ana nini?

Kwa hiyo kijana aende. Kwanza asome mkataba wote, mstari kwa mstari, na kama haelewi amtafute anayeelewa. Ajue atapata wapi chakula cha halali na atasali wapi akiwa zamu. Kikitokea kifungu kinachomlazimisha kuacha swala, asitie saini. Akishatia saini, atimize, maana "timizeni ahadi" haikubagua umeahidiana na nani.

Mjomba msimjibu kwa ukali. Uchungu wake ni wa imani. Mwambieni aje msikitini baada ya Alasiri, nimsomee ukurasa huo wa Akka.

Wallahu aalam.