Askari wa geti alikataa kunipa mtoto wangu mwenyewe

Juzi nlipoweka picha ya kitinda mimba wangu amevaa gauni na ile kofia ya pembe nne, amemaliza topu klasi, darasa la mwisho la nasari, inboksi ilijaa pongezi mpaka nikaanza kujiona. Lakini kuna ujumbe mmoja wa dada wa Mbale ulinikwama kooni. "Mama, wewe unawezaje? Mi natoka mtoto amelala narudi amelala, ticha wake simjui hata sura." Nikaanza kumjibu pale pale, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, mwishowe nikasema hii ya vidole viwili haitoshi, wacha niiandike yote. Na nianze na aibu, maana nyinyi mmeona gauni tu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani hapa mpaka wa Busia, upande wa Uganda. Tangu ile ofisi ya pamoja ya mpaka ifunguliwe rasmi 2018 hapa hapalali, ni saa 24, na dereva aliyetoka na kontena Mombasa akakaa foleni upande wa Kenya mpaka ndevu zikaota hajali kama una mtoto bebi klasi, lile darasa la kwanza kabisa la nasari, anataka entri yake, yaani karatasi za forodha za mzigo wake, ipite avuke aende zake. Baba watoto yuko Juba kikazi. Nyumbani kuna dada wa kazi, ndiye anajua chumvi iko wapi.

Mtoto wangu wa kwanza hakunifundisha kitu cha nasari. Alianza bebi Februari 2020, Machi shule zikafungwa, na mnakumbuka wenyewe, watoto wa nasari walikaa nyumbani mpaka Januari 2022, umri ukawa umefika akaingia P1, darasa la kwanza la msingi, moja kwa moja. Kwa hiyo mdogo wake alipoanza 2023 mi nlikuwa mgeni kabisa ila nlijifanya mjuzi. Nikalipa ada yote siku ya kwanza, nikapeleka rimu ya karatasi, tishu za choo, ufagio, sukari kilo mbili, kila kitu kwenye ile karatasi ya rikwayamenti nikakiweka tiki, nikasaini nikaondoka. Si mnajua nasari serikali haitulipii, UPE, ile elimu ya msingi ya bure, tangu 1997 inaanzia P1, basi hela ikitoka mfukoni mwako mwenyewe unajiona umeshamaliza kulea. Nlidhani mwenye risiti ndiye mzazi.

Sasa sikiliza.

Ijumaa moja, muhula wa pili wa mwaka huo huo, sistimu ya forodha ikakwama tangu asubuhi, hakuna entri inayopita, nikasema leo wacha nikamshangaze mtoto. Bebi wanatoka saa sita na nusu. Nikanunua mandazi mawili, nikafika na viatu vyangu vya ofisi, najisikia mama kweli kweli. Askari wa geti akaniangalia. "Mama, unamtaka nani?" Nikamtaja mtoto. "Wewe ni nani wake?" Mimi ni mama yake. Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, akasema, "Mama yake si namjua, yule mfupi, anakujaga na leso ya njano."

Dada.

Na ile kadi ya kuchukulia mtoto alikuwa nayo dada. Askari alifanya kazi yake vizuri, hilo nampa, angenipa mtoto hivi hivi ningekuja kumlaumu siku nyingine. Lakini nilisimama pale nje kama mtu anayedai deni, wazazi wengine wanapita na watoto wao, wananisalimia salamu ile ya kumsalimia mgeni, mandazi yanaloa mafuta kwenye karatasi. Mpaka ticha akaitwa. Naye hanijui! Akamleta mtoto getini akamuuliza, "Huyu unamjua?" Mtoto akanishika kidole, akaniangalia juu, na kitu cha kwanza alichosema si mama. Aliuliza, "Wamekufukuza kazi?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Usiku sikucheka.

Haikuishia hapo. Nyumbani kulikuwa na beseni ya bluu mpya, nlikuwa najua tu dada kainunua sokoni. Jioni hiyo ndo nikaambiwa, kumbe ni zawadi. Siku ya michezo wazazi walishindana kukimbia ndani ya magunia, dada akaingia, akawa wa kwanza, shule nzima inapiga kelele inamwita mama wa mtoto wangu kwa jina. Barua ya siku hiyo nlipewa. Nliikuta kwenye pochi, imekunjwa pamoja na karatasi za mizigo, sijaifungua. Na sitaficha, nlichofanya ni kumnunia dada wiki nzima. Mtu amekimbia ndani ya gunia kwa ajili ya mtoto wangu, mimi namnunia! Beseni bado tunayo, nafulia soksi, na kila nikiishika kuna kitu kinanichoma hapa kifuani, miaka miwili sasa.

Nikaomba kuhamia zamu ya usiku. Bosi akakataa, nikaomba tena, hizo wiki sitawachosha nazo, mwenzangu mmoja akaoa akawa anataka mchana, nikapata. Bahati, ndiyo, sisemi ni akili. Basi natoka mpakani saa moja asubuhi, macho mekundu, nanawa uso, namshika mtoto mkono tunatembea dakika kumi na tano mpaka shule. Mchana nalala, saa sita na nusu dada anamchukua, siwezi vyote. Kuna siku ya wazazi nlisinzia kwenye kile kiti kidogo cha watoto mpaka ticha akaniwekea sweta ya mtu mabegani. Hiyo picha ipo kwenye grupu ya wazazi, mtu asiniambie haikumfurahisha.

Lakini ni kwenye hizo dakika kumi na tano ndo nlijua mambo. Mfano eskoti. Kila siku dada anamfungia eskoti ya kunywea chai, leo chapati, kesho kiazi kitamu, na kila siku kikasha kinarudi kimejaa. Mi nlikuwa nasema dada hajui kupika, dada anasema mtoto anashiba uji wa shule, ticha anadhani ndivyo alivyozoea. Muhula mzima! Siku moja tunatembea nikamwambia hebu fungua nione unavyokula. Akakaa chini kwenye majani kando ya njia, akaweka kikasha katikati ya magoti, akavuta mfuniko kwa vidole vyote, ulimi nje, uso umemvimba. Haufunguki. Vidole vya miaka mitatu. Nikamuuliza mbona humwambii ticha akufungulie, akasema, "Ticha ana watoto wengi." Nikakitupa hicho kikasha nikanunua cha mfuniko laini, elfu tano tu. Kuanzia siku hiyo kinarudi kitupu mpaka makombo hamna.

Mfuniko, jamani. Ada nimelipa yote na mtoto analala njaa saa nne kwa sababu ya mfuniko.

Kwa hiyo dada wa Mbale, na wengine mnaoniuliza, ushauri wangu ni huu: ticha akujue sura. Sio namba yako ya simu, sio jina lako kwenye risiti, sura. Nenda hata mara moja kwa wiki, hata dakika tano, hata na jezi ya kazi. Msitegemee grupu ya WhatsApp, ile ni ya kudaiana rimu na tishu za choo. Barua ya shule isomwe usiku huo huo kabla hujaingia kitandani. Na mtoto usimuulize "mmesoma nini leo", atakwambia hakuna. Muulize nani kalia leo. Mtoto wa nasari hata siku moja hakosi kujua nani kalia, na akishakwambia nani kalia atakwambia kwa nini, na hapo hapo utasikia na yake. Halafu ticha akujue sura, narudia, maana najua kuna mtu ameiruka hiyo akasema atatuma hela.

Tunasema kazi imetubana na ni kweli imetubana. Sheria ya ajira ya 2006 inatupa likizo ya uzazi siku 60 za kazi, zikiisha mtoto hata kukaa hajajua, unamwachia mtu unarudi kazini, na hapo hapo ndo tunapoizoea ile kumwachia mtu. Tunaizoea mno. Kuna wenye nafasi kabisa, wako saluni saa sita na nusu, na bado geti hawalijui, hao sina la kuwaambia, au ninalo ila sio la kuandika hapa. Na akina baba, zenu zilikuwa siku 4 na zimeisha, lakini simu zenu hazijaisha. Baba yao yuko Juba na jina la ticha analijua, nlimkaririsha kama sala.

Ile picha mliyoipenda, angalieni pembeni kulia, kuna mkono umeshika pindo la gauni lisiburuze vumbi. Ni mkono wa dada. Shule ilitoa viti viwili kwa kila mtoto, kimoja changu kimoja chake, na askari wa geti alitusalimia wote wawili "mama" mpaka nikaangalia kando.

Februari mtoto anaingia P1, saa za kutoka zinabadilika, zamu naanza kuiombea mapema. Dada wa Mbale, namba yangu nimekutumia inboksi. Nipigie jioni, asubuhi saa nne nakuwa nimelala.