Muulize Bwana Shamba: Mpapai usiozaa na karafuu isiyoota

*Asalaam aleikum Bwana Shamba. Nilipanda mbegu za papai moja, ikaota mipapai sita. Mitatu inachanua vizuri mno lakini haizai. Nimeikosea nini? (Bibi wa Wete)*

Waaleikum salaam, bibi. Hujakosea kitu, hiyo ni mipapai dume. Dume huning'iniza mashada marefu ya maua membamba. Ua la jike ni nene, limekaa karibu na shina, na ukilipasua utakuta ndani kipapai kichanga cha kijani. Ipo pia mipapai yenye dume na jike ndani ya ua moja. Mbegu za papai moja hutoa mchanganyiko, na mche ukiwa mdogo huwezi kuujua. Kwa hiyo tia miche mitatu kila shimo, subiri ichanue, kisha ubakishe mmoja. Ila usiyafyeke madume yote: bila ya chavua yao, yaani ule unga wa maua ya dume, majike yatapukutisha maua yake bure.

Na wewe wa Kizimbani mwenye mshokishoki unaochanua kila mwaka bila ya tunda, jibu lako ni hilo hilo. Mshokishoki wa mbegu unaweza kutoka dume. Safari nyingine tafuta mche wa kubebesha kutoka mti unaozaa.

*Mwanangu wa skuli kafukia karafuu kavu kwenye kopo, anamwagilia kila siku, haioti. Kwa nini? (Mama wa Mkoani)*

Kwa sababu si mbegu, mama. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Mwambie ailoweke moja kwenye maji ya moto mpaka ilainike, kisha abandue taratibu kile kichwa cha mviringo. Kichwa hicho ni petali zilizofumbana, na chini yake ataona nyuzi nyingi zimejikunja: hizo ndizo stameni, zenye kubeba chavua. Sisi tunalichuma ua linapoanza kuwa jekundu, kabla halijachanua, kwani likishachanua thamani yake imepotea. Tangu mkarafuu, wenye asili ya visiwa vya Maluku huko Indonesia, uletwe kwetu Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, uchumi wetu umeyategemea sana maua tunayoyazuia yasifunguke.

Ua likiachwa mtini hufunguka, likachavushwa, petali zikadondoka, na lile bua likavimba kuwa tunda lenye rangi ya zambarau iliyoiva. Hilo ndilo lenye mbegu, aghalabu moja. Aliokote likiwa limeiva na halijakauka, alimenye, aipande mara moja kivulini. Mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa.

*Kwa nini vanila lazima tuichavushe kwa mkono? Nyuki si wapo? (Mkulima wa Dole)*

Wapo, lakini vanila ni mgeni kutoka Mexico na wachavushaji wake wamebaki kwao. Ndani ya ua kuna kijiwambo kinachotenga chavua na stigma, sehemu ya kike inayoipokea chavua. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kukiinua kwa kijiti na kuibana chavua kwa kidole gumba. Ndivyo tufanyavyo mpaka leo, na jina lake lafaa kutajwa kila shamba la vanila. Amka mapema: ua hufunguka alfajiri na jioni limeshanyauka. Usiyachavushe yote kwenye shada, mmea utadhoofika. Baada ya hapo ni subira, kama miezi 9.

*Maua ya matikiti yangu yanapukutika. Nipige dawa gani? (Makunduchi)*

Usipige. Mengi yanayoanguka ni ya dume, yamemaliza kazi. La jike lina kitikiti kidogo chenye vinyweleo chini yake. Likianguka na hilo, basi halikupata nyuki. Dawa ya asubuhi ndiyo inayowaua, na ua la tikiti huwategemea asubuhi hiyo hiyo moja. Ukilazimika kupiga, piga jioni.

*Popo wanamaliza maembe yetu. Tuwaue? (Chake Chake)*

Hapana, nakuomba. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa hapo kwenu, na wanakijiji wa Kidike wamejitahidi kumlinda. Anapokula tunda huku na kudondosha mbegu kule, anaotesha msitu. Na maua ya mbuyu, yanayofunguka jioni, nyuki amelala, huchavushwa na popo. Embe zichume zikishapevuka, ziivie ndani. Za juu zisizofikika, waachie.