Usinakili ratiba ya ghala la mwenzako

Watu huniuliza wakague mahindi ghalani kila baada ya muda gani. Nami huuliza kwanza: ghala liko sehemu ya joto au ya baridi? Bila hilo sina jibu.

Chukua fukusi, mdudu mdogo anayeshambulia nafaka. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa ute. Funza hula na kukua humo humo; kwa nje punje ni nzima kabisa, hadi siku mdudu mpevu anapotoboa na kutoka. Kwenye nyuzi 27 hivi, na hewa yenye unyevu wa asilimia 70, yote hayo huchukua takriban wiki 5. Kwenye nyuzi 18 huzidi siku 100. Kwa hiyo katika miezi 4, ghala la joto limepata vizazi vitatu wakati la milimani lina kimoja tu. Ndiyo maana mimi, penye joto, hukagua kila wiki mbili. Penye baridi mwezi unatosha. Naingiza mkono hadi katikati ya gunia, kisha nalinyanyua nione kama kuna unga chini.

Ukavu nao una mtego wake. Fukusi hupata shida kuzaana kwenye punje kavu sana, basi watu wa maeneo makame hujiona wamesalimika. Dumuzi, mdudu mwingine wa mahindi ghalani, hajali. Huzaana hata kwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 9, na penye nyuzi 32 na hewa yenye unyevu mwingi kizazi chake hukamilika ndani ya mwezi. Ukimwogopa huyu, pukuchua mapema: hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo kwenye magunzi kuliko kwenye punje zilizolegea.

Kukausha bado ni lazima, hata kwa sababu ya kuvu peke yake. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la nyanda za juu. Msimu wa baridi hupita kimya, mtu akadhani ghala ni safi, kumbe funza wamo ndani ya punje, wanakua polepole tu. Joto likianza kupanda, ongeza ukaguzi wiki hiyo hiyo, usingoje uone tundu la kwanza.